Kaka anauvuka mstari mwekundu wa ndege tuliyoijenga pamoja

Shikamoo Mwalimu,

Nimesoma majibu yako kwa marubani wenzangu kwa muda mrefu, na sasa imefika zamu yangu. Naomba jina langu lihifadhiwe, maana hili ni jambo la ndani ya familia.

Mimi ni rubani wa ndege ndogo na mama wa kijana wa miaka 12. Ndege ninayorusha tuliijenga wenyewe, mimi na kaka yangu mkubwa. Ni ya alumini, viti viwili, mabawa chini, na ilitufikia ndani ya makasha ikiwa mabati yaliyokatwa na rundo la michoro. Kaka ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Ndiye aliyenilipia masomo ya urubani, na bandani ndiye aliyenishika mkono mpaka nikajua kugonga riveti, zile pini za kuunganisha mabati, bila kubonyeza bati. Nayasema haya mwanzoni ili uone kwa nini ninayoyaandika yananiuma.

Kitabu cha mbunifu kinasema mwendo usiovukwa kamwe, ule mnaouandika Vne, ni noti 200, yaani kama kilomita 370 kwa saa. Hapo ndipo tulipoweka mstari mwekundu kwenye skrini ya vyombo. Kwa upande wa injini, mbunifu anataja nguvu za farasi zisizozidi 180, lakini kaka alichagua ya 200. Alisema itatusaidia kupanda haraka, na kweli inapanda vizuri sana.

Hivi karibuni joto la oili lilinisumbua, nikatoa kumbukumbu za safari zilizohifadhiwa kwenye skrini ili nimwonyeshe fundi. Katika kupekua nikakuta safari ya kaka ambayo mwendo, akiwa anashuka na kupita futi 4,000, ulifika noti 219. Nikadhani ni hitilafu ya kifaa. Nikafungua nyingine, na nyingine tena. Si hitilafu. Anaposhuka anainamisha pua huku injini ikiendelea kuvuta kama vile bado anapanda, na mstari mwekundu anaupita kama haupo.

Nilimuuliza kwa adabu. Hakukana. Alisema kila mbunifu huacha akiba, na kwamba rubani wa majaribio aliirusha ndege ya kwanza kwa kasi kubwa kuliko hiyo na akarudi salama. Akasema sisi tumejenga kwa uangalifu kuliko wengi, kwamba amekuwa akifanya hivyo kwa muda na ndege haijatikisika hata kidogo, na kwamba hewa ikichafuka yeye hupunguza mwendo hadi chini ya Va, yaani mwendo wa kugeuza usukani kwa nguvu, ambapo huwezi kuivunja ndege hata ukipiga usukani vipi. Mwisho akaniambia, "Mdogo wangu, kumbuka mimi ndiye niliyekufundisha." Nikakosa la kusema.

Mimi mstari ule sijawahi kuugusa. Nikishuka kutoka futi 12,000 naweka noti 180 na kuziacha hapo, nikijua nina noti 20 za akiba.

Sasa kuna mwanangu. Mjomba wake amemwahidi kwamba shule zikifungwa atampandisha na kumwonyesha "mwendo wenyewe". Mtoto haongei jambo lingine. Mume wangu anasema kaka ni wangu, nizungumze naye mimi. Mama anasema nisimvunjie heshima mtu aliyetubeba sote. Nimefikiria kuficha ufunguo, kuuza sehemu yangu ya ndege, kumripoti kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na usiku mwingine nafikiria kunyamaza tu na kumwombea.

Je, woga wangu una msingi, au ni woga wa mama? Na kama una msingi, namwambiaje?

Mdogo Mtu
(jina limehifadhiwa)

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kubeba jambo hili peke yako.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na naona umesuka pamoja maswali mawili: ndege inaweza nini, na wewe unaweza kumwambia nini kaka yako. La pili ndilo linalokunyima usingizi, lakini nitaanza na la kwanza, kwa sababu ukienda kwa kaka na woga mtupu atakutuliza kama alivyozoea kukutuliza tangu utoto. Ukienda na hesabu, mtaongea kama wajenzi wawili.

Woga wako una msingi. Mstari mwekundu hausemi kwamba bawa litang'oka kwenye noti 201. Unaonyesha mahali ambapo uthibitisho unaishia. Kaka yako anasema kweli kwamba akiba ipo: katika ndege za kiwandani, kanuni zinataka Vne isizidi asilimia 90 ya mwendo ambao ndege ilionyeshwa angani kuuhimili, na wabunifu wengi wa ndege za kujijengea hufuata fikra hiyohiyo. Ninachomuuliza ni kwamba akiba hiyo ni ya nani. Imewekwa kwa ajili ya kipima mwendo kinachodanganya kidogo, upepo wa ghafla unaoipiga ndege wakati iko karibu na mstari, bawaba zilizochakaa, na tofauti kati ya mikono ya mjenzi mmoja na mwingine. Akishaitumia yote kwa kushuka kwa raha, hayo mengine yote yakija hayana pa kuegemea. Na yule rubani wa majaribio alirusha ndege yake, yenye injini yake, rangi yake na mkia uliosawazishwa na mafundi wake, akipanda mwendo kwa hatua ndogondogo. Hakuirusha yenu. Ndege ya kujijengea, hata ikitoka kwenye michoro ileile, ni moja tu duniani.

Sasa tuziangalie noti 219. Nguvu ya hewa juu ya mabati inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kuzidisha mwendo kwa chini kidogo ya asilimia 10 kunazidisha nguvu hiyo kwa karibu asilimia 20. Hilo peke yake lingetosha kunikosesha raha, lakini silo linalonitisha zaidi. Linalonitisha ni kupapatika.

Kila bawa, kila mkia, kila eleroni (kile kibati cha nyuma ya bawa kinachoilaza ndege upande) ina namna yake ya kutikisika ikiguswa. Kwenye mwendo wa kawaida hewa inaituliza mitikisiko hiyo. Mwendo ukipanda, inafika mahali hewa inaacha kutuliza na kuanza kuchochea, kama mtu anayesukuma bembea kila inaporudi mkononi. Tofauti ni kwamba msukumo huu unarudi mara nyingi kwa sekunde moja, na bati linaweza kupasuka kabla rubani hajajua kimemgusa nini. Ndiyo maana lile neno la kaka, kwamba haijatikisika hata kidogo, halinipi faraja. Ndege inaweza kuwa tulivu kabisa noti chache kabla ya mahali hapo. Utulivu wa jana hauonyeshi mahali penyewe palipo, na mahali hapo panasogea: nati ikilegea kidogo, rangi ikiongezeka, bawaba ikipata mchezo, panashuka kuja kwenye mwendo ambao juzi ulikuwa salama.

Tarehe 16 Septemba 2011, kule Reno nchini Marekani, ndege ya mashindano aina ya P-51 iliyokuwa imebadilishwa sana, The Galloping Ghost, ilianguka mbele ya watazamaji. Rubani alikufa pamoja na watu 10 waliokuwa chini. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, walikuta kwamba nati za kujifunga kwenye kibati kidogo cha trimu cha mkiani, kinachompunguzia rubani nguvu ya kushika usukani, zilikuwa zimetumika tena baada ya kufunguliwa, skrubu zikalegea, kibati kikaanza kupapatika. Walitaja pia mabadiliko makubwa ambayo hayakujaribiwa ipasavyo angani. Miaka miwili kabla yake, Aprili 2009, NTSB hiyohiyo iliiomba FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, isimamishe ndege za Zodiac CH-601XL, nyingi zikiwa zimejengwa na wenyewe, baada ya ajali sita za kuvunjikia angani zilizoua watu 10. Kupapatika kulishukiwa, na marekebisho yaliyofuata yalihusisha kuongeza uzito wa kusawazisha kwenye eleroni. Nimekutajia hizi mbili kwa sababu ndani yake kuna vitu ambavyo wewe na kaka mnavijua kwa vidole vyenu: nati, skrubu, bawaba, uzito wa madini ya risasi kwenye ncha ya eleroni.

Sasa mwanangu, kuna jambo ambalo pengine hukulitarajia, nami nakuambia kwa upendo. Umeandika kwamba unashuka kutoka futi 12,000 na noti 180 ukiwa na noti 20 za akiba. Je, una hakika?

Kipima mwendo hakipimi jinsi ndege inavyokimbia kweli. Kinapima msukumo wa hewa kwenye mrija wa pito, na juu hewa ni nyepesi, hivyo kinaonyesha pungufu. Kwa futi 12,000 kwenye hewa ya kawaida, noti 180 za kwenye skrini ni noti 216 za mwendo halisi. Kukiwa na joto zinazidi. Kupapatika kunafuata zaidi mwendo halisi kuliko ule wa kwenye skrini, na ndiyo maana baadhi ya wabunifu huandika Vne kwa mwendo halisi. Van's Aircraft, ambao ndege zao za RV zimejengwa na watu wengi mno, wanasema wazi kwamba Vne yao ni ya mwendo halisi. Fungua kitabu cha mbunifu wenu leo jioni uangalie anazungumzia upi. Kama ni halisi, basi ukiwa futi 12,000 mstari wako mwekundu uko karibu na noti 166 za skrini, na ule mlioubandika kwenye 200 ni sahihi usawa wa bahari tu.

Sikukuambia hivi ili nikuweke kundi moja na kaka. Yeye anauona mstari na kuupita, wewe unauheshimu kama ulivyofundishwa. Lakini unaona jinsi mazungumzo yanavyobadilika? Huna tena haja ya kumwendea kama hakimu. Unaweza kumwendea na kitabu mkononi ukasema, "Kaka, nimegundua kitu kuhusu mstari tuliouweka, nadhani tulikosea wote wawili." Mtu mzima hukubali kusahihishwa kwa urahisi zaidi akiwa hayuko peke yake.

Swali lingine: nani amewahi kuthibitisha kipima mwendo chenyewe? Katika ndege ya kujijengea, mrija wa pito na tundu la statiki (linalopima kani ya hewa iliyotulia) viliwekwa na mikono yenu. Tundu likiwa limezama kidogo au limetokeza kidogo kwenye ubavu wa ndege, usomaji unahama kwa noti kadhaa. Mrija wa pito ukivuja kwenye kiungo, skrini inaonyesha pungufu, yaani noti 219 zile huenda zilikuwa zaidi. Hili linapimika bila hatari: kwa mwendo wa kawaida, asubuhi hewa ikiwa imetulia, mnaruka kwa urefu uleule na nguvu ileile ya injini kuelekea pande tatu au nne, mnaandika kasi ya GPS kila upande, kisha mnapiga hesabu ya kuondoa upepo. Mwalike kaka mfanye pamoja. Ni kazi ya ujenzi, na naona ujenzi ndiyo lugha mnayopendana nayo.

Kuhusu Va nitasema kwa ufupi, maana hapo kaka amebeba fikra ambayo marubani wengi wazuri wameibeba. Va inakukinga ukivuta au kusukuma usukani mmoja, upande mmoja, mara moja. Haikuruhusu kuuchapa huku na huku. Novemba 12, 2001, Airbus A300 ya safari namba 587 ya American Airlines ilipoteza mkia wake wa wima muda mfupi baada ya kuruka kutoka New York, kwa sababu pedali za usukani wa mkia zilikanyagwa kwa nguvu upande huu na ule mfululizo. Mwendo ulikuwa chini ya Va. Watu 265 walikufa, wakiwemo watano waliokuwa chini. Tena Va inashuka ndege ikiwa nyepesi: uzito ukipungua kwa asilimia 20, Va inapungua kwa kama asilimia 10. Kaka akiruka peke yake na mafuta kidogo, Va aliyoizoea si ya ndege aliyo nayo siku hiyo.

Kabla sijafika kwa kaka mwenyewe, nina ombi moja ambalo sitalizungushia maneno. Ndege hii imeshafika noti 219, na haijalishi nani alikuwa kwenye kiti. Kabla ya mtu yeyote kuiondoa ardhini tena, ifungueni. Pitisha tochi kwenye mistari ya riveti za mkia na mashina ya mabawa. Riveti iliyoanza kucheza hutoa vumbi jeusi linaloburutwa nyuma yake na upepo, utadhani ni mchirizi wa moshi, na ukilifuta kwa kitambaa linarudi baada ya safari chache. Angalia kama bati lina mikunjo ambayo haikuwepo mlipolifunga. Shika ukingo wa nyuma wa kila eleroni na elevata (kibati cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) kwa vidole viwili, utikise polepole juu na chini, usikilize. Mlio mdogo wa tik-tik ni bawaba au kiungo chenye mchezo. Na hukunieleza kama ndege imewahi kupakwa rangi upya. Ikiwa imepakwa, eleroni na elevata zilisawazishwa tena? Rangi ya ziada huwa nyuma ya bawaba, na elevata iliyokuwa imekaa sawa kwenye bawaba zake huanza kuangusha ukingo wa nyuma. Michoro ya mbunifu inaeleza ikae vipi. Muda unaohitajika ni mfupi kuliko ule wa kubishana.

Na sasa kaka yako.

Umeandika kana kwamba yuko upande mmoja na woga wako uko upande mwingine. Sina hakika kwamba ndivyo ilivyo. Hujanieleza kwa nini anashuka hivyo. Huenda anapenda mwendo, na kupenda mwendo si dhambi. Huenda injini ile ya farasi 200 imemzoesha kuishi karibu na mstari, maana mnapoongeza nguvu bila kuongeza uimara, mstari haupandi hata noti moja, unakaribia tu kila siku. Huenda hajui kupanga mteremko mapema, akajikuta bado yuko juu sana karibu na kiwanja, akainamisha pua. Kila moja ya sababu hizi inatibiwa tofauti. Ukimuuliza kwa nia ya kusikia, si kwa nia ya kumjibu, utajua ni ipi.

Lile neno lake, "mimi ndiye niliyekufundisha", nimelifikiria sana. Umelisikia kama mlango unaofungwa, na labda ndivyo. Mimi nimefundisha watu kuruka kwa miaka mingi, na najua jinsi inavyomchoma mwalimu mwanafunzi wake anapoona kitu ambacho yeye hakukiona. Pengine aliyekuwa anaongea ni kaka aliyeshtuka. Kumpa muda si kumwachia.

Mama yako anazungumzia heshima, naye anaogopa kuona nyumba ikigawanyika. Nisingependa ubishane naye. Ila naomba ulifikirie hili: wewe ni mjenzi wa ndege ile sawasawa na kaka. Unapouliza kuhusu riveti zako mwenyewe, unamvunjia nani heshima?

Njia ulizozitaja nimezipima moja moja. Kuficha ufunguo kutamzuia siku moja, na siku ya pili mtakuwa mnagombania ufunguo huku noti 219 zikiwa zimesahaulika. Kuuza sehemu yako kutakuondoa wewe kwenye ndege, yeye atabaki ndani yake, na aliyenunua huenda asijue lolote. Kunyamaza na kuomba, mwanangu, dua naiheshimu, lakini wewe umeshaona kumbukumbu kwenye skrini, na kuishi na ulichokiona bila kusema kutakula taratibu. Kwa mamlaka ndipo penye uzito zaidi. Ipo kwa kazi hiyo, na mahali pengine kuna njia za kutoa taarifa za usalama bila lengo la kuadhibu, ambazo unaweza kuziulizia kabla hujataja jina la mtu. Hata hivyo taarifa ikishatoka mkononi huirudishi, na kaka anaweza asikusamehe kwa muda mrefu. Wapo waliochagua njia hiyo na wakaishi nayo kwa amani. Wapo pia walioona ingewezekana kuongea kwanza. Wewe ndiye unayemjua kaka yako.

Kuna njia ambazo hukuzitaja. Mnaweza kumwandikia mbunifu wenu, nyote wawili, mumweleze injini mliyoweka na mwendo mliofikia, mumwombe maoni. Mara nyingi mtu asiyemsikiliza mdogo wake husikiliza aliyechora bawa. Hatari yake ni kwamba jibu linaweza kuwa zito, mfano kubadilisha sehemu za mkia, na lazima mwe tayari kwa hilo. Mnaweza kukaa kama wamiliki na kuandikiana ukurasa mmoja: mwendo gani ni mwisho kwa kila urefu, skrini ilie wapi, na mtu akipita mstari kwa bahati mbaya anaandika kwenye daftari la ndege na haipai mpaka ikaguliwe. Karatasi kama hiyo inaweza kumuudhi aliyezoea kuaminiwa kwa neno lake. Inaweza pia kumpa njia ya kubadilika bila mtu kumwambia amekosea.

Unaweza pia kuruka naye, baada ya ukaguzi, na kumwomba akuonyeshe anavyoshuka. Utajifunza mengi kwa kumwangalia mikono. Lakini ukiona anaelekea kupita, utakuwa tayari kusema "punguza" kwa sauti? Na akipita, mkumbushane kabla hamjapaa: nguvu ya injini chini, mabawa yasawazishwe, kisha pua ipandishwe taratibu kabisa. Kuvuta usukani kwa hofu kwenye mwendo ule kunaongeza mzigo mahali ambapo mzigo tayari umezidi.

Kuhusu mtoto, naona umeniuliza bila kuuliza. Ahadi ya mjomba ni ahadi ya upendo, na kijana wa miaka 12 anayelala akiwaza ndege ni baraka. Wala si lazima uchague kati ya kumkatalia na kumruhusu alichoahidiwa. Je, mjomba anaweza kumwalika kwanza kwenye ukaguzi, ashike tochi, atafute vumbi jeusi kwenye riveti, apige ile hesabu ya GPS kwa mkono wake? Safari yenyewe inaweza kuwa baadaye, kwa mwendo mliokubaliana wewe na kaka. Kama hamjakubaliana, una haki ya kusema bado, na neno "bado" halimtukani mtu. Mume wako amesema kaka ni wako, lakini mtoto ni wenu wawili, na sehemu hii sidhani unapaswa kuibeba bila yeye.

Ningependa kujua kitabu cha mbunifu kimesema nini kuhusu mwendo halisi, na kipima mwendo kimetoa tofauti ya noti ngapi mlipokipima. Ukipata namba hizo, niandikie. Kaka akitaka kuandika naye, hata kunipinga, nitamjibu kwa heshima ileile.